Ligi ndogo: ni ngazi ao ni shimo?



Kuna video moja inazunguka kila mara katika vikundi vyetu vya simu. Kijana wa Uganda anafanya mazoezi ya besiboli kwa vifaa vya kujitengenezea: matairi ya zamani, vyuma vya uzito vya kienyeji, kiwanja cha vumbi. Chini ya video watu wanaandika mambo mengi, lakini kuna sentensi moja inarudi bila kuchoka: "Alifika Marekani kweli, lakini anacheza mu ligi ya chini tu." Hiyo "tu" njo inanifanya niandike leo. Maana sisi tuliomaliza masomo tunaitumia hiyo "tu" kila siku juu ya wenzetu. Ana diploma, lakini anafundisha kule Punia tu. Ana licence, lakini yuko kwenye staji tu. Alisoma miaka mitano, anaandika hesabu za dukani tu.

Basi nataka tuelewane kwanza: ligi ndogo ni kitu gani, inafanyaje kazi, nani analipa, nani anapanda. Nachukua besiboli ya Marekani kwa sababu kule wamejenga ngazi ndefu kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua, na sheria zake zimeandikwa wazi. Kisha tutarudi kwenye mpira wetu wa Kindu na kwenye vyeti vyetu. Usiogope kama hujui besiboli. Inatosha kujua kwamba mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne, na wengine uwanjani wanajaribu kumzuia.

Msimu unapoanza

Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa tatu na mwanzo wa mwezi wa nne, miji mingi midogo ya Marekani inafungua viwanja vyake. Watu wanakwenda na watoto, wanakula, wanaimba, wanashangilia ekipe yenye jina la mji wao. Ukitazama kwa mbali utasema ni sawa na siku ya kwanza ya championa kwetu. Lakini kuna jambo la ajabu: wachezaji wale si wa ekipe ile.

Iko hivi. Ligi kuu ya besiboli ina klabu 30. Kila klabu ina ekipe nne za chini zilizofungamana nayo. Zidisha, utapata ekipe 120. Ziko katika madaraja manne: juu kabisa Triple-A, halafu Double-A, halafu madaraja mawili ya Single-A, moja la juu na moja la chini. Chini ya hayo kuna ligi za wanafunzi wapya, zinazochezwa kwenye vituo vya mazoezi vya klabu zenyewe Florida na Arizona, na nyingine kule Jamhuri ya Dominika. Mpango huu wa ekipe 120 ulianza mwaka wa 2021. Kabla ya hapo zilikuwa 160, na zaidi ya 40 zilikatwa kwenye orodha.

Mwenye ekipe ya mji mdogo ana kazi ya uwanja, tiketi, chakula na matangazo. Klabu mama ndiyo inayowalipa wachezaji na makocha, na ndiyo inayoamua nani acheze wapi. Kijana akifanya vizuri mwezi wa tano, simu inapigwa, anafunga begi, kesho yake yuko daraja la juu. Mji uliokuwa unamshangilia hauna la kusema. Ekipe inaweza kupoteza nyota wake katikati ya msimu, siku moja kabla ya mechi kubwa, na hakuna mtu anayeita hiyo dhuluma. Kazi yake ni hiyo: kukuza na kuachilia.

Na ekipe yenyewe haipandi. Hata ikishinda kila mechi miaka kumi mfululizo, haitaingia ligi kuu kwa ushindi huo. Wenye kupanda ni watu.

Wazo hili la kukuza wachezaji kama miche katika kitalu lina mwenyewe. Ligi ndogo zilikuwepo zamani, na chama chao kiliundwa Chicago mwaka wa 1901. Wakati huo ekipe ndogo zilijitegemea na kuuza wachezaji wao kwa bei ya juu. Katika miaka ya 1920, Branch Rickey, aliyeongoza St. Louis Cardinals, aliona klabu yake haina feza ya kushindana na matajiri sokoni. Akasema: badala ya kununua mti uliokomaa, tupande wenyewe. Cardinals wakaanza kununua ekipe ndogo na kuweka vijana humo. Wengine walicheka, baadaye wote wakamfuata. Mpaka leo Wamarekani huita mfumo huo shamba.

Rickey huyohuyo, akiwa Brooklyn Dodgers, ndiye aliyemchukua Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza kuingia ligi kuu katika karne ya 20. Robinson aliingia tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka wa 1947. Lakini mwaka mzima wa 1946 alikuwa Montreal, Canada, katika ekipe ndogo ya Dodgers. Hakuna aliyesema "Montreal tu". Ule mwaka mmoja ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe: kumzoeza, kumpima, na kuwaonyesha watu kwamba anaweza.

Hata Michael Jordan, mfalme wa basketi, alipoamua kujaribu besiboli mwaka wa 1994, hawakumpeleka juu kwa sababu ya jina. Walimweka Birmingham, Alabama, daraja la Double-A. Alicheza mechi 127, na kati ya mara 100 za kupiga alifaulu kama 20 tu, ambazo ni chache kwa mchezo ule. Namba ziliandikwa, kila mtu alizisoma. Kitu hicho nakipenda katika ile ngazi: haijali wewe ni nani mtaani kwenu, inaandika ulichofanya jana jioni.

Mwafrika aliyepanda

Sasa tuje nyumbani, Afrika. Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kufika ligi kuu ya besiboli ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka wa 2008. Aliingia ligi kuu tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka wa 2017. Hesabu mwenyewe: ni karibu miaka tisa katika ligi ndogo, miji midogo, safari za basi usiku. Na mara yake ya kwanza kushika gongo katika ligi kuu, aliupiga mpira wa mrushaji mkubwa, Jon Lester wa Chicago Cubs, akafika salama kituo cha kwanza.

Uganda, jirani zetu, walianza kwa watoto. Mwaka wa 2011 ekipe ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda na kupata haki ya kwenda kombe la dunia la watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Ingekuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika huko. Hawakwenda. Visa zilikataliwa kwa sababu karatasi za umri na kuzaliwa hazikulingana. Mikono ilikuwa tayari, karatasi hazikuwa tayari. Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi walirudia njia ileile, safari hii na karatasi zilizokubaliwa, wakafika, na wakashinda mechi moja kule dhidi ya ekipe ya Oregon, 3 kwa 2.

Kutoka hapo mlango ukafunguka kidogo kidogo. Mwaka wa 2022 Los Angeles Dodgers walisaini vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Mwaka wa 2023 Pittsburgh Pirates walimsaini mrushaji David Matoma, naye Mganda. Na mwaka huohuo wa 2023 yule wa video, Dennis Kasumba, mdakaji, alikwenda Frederick, jimbo la Maryland, kucheza katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na klabu kubwa.

Angalieni jambo hili dogo kuhusu Frederick. Ekipe yao, Frederick Keys, ilikuwa miaka mingi chini ya Baltimore Orioles. Kwenye mabadiliko ya 2021 ikatolewa kwenye ile orodha ya 120. Wangeweza kufunga uwanja na kulia. Badala yake wakaingia katika ligi mpya ya vijana wasio na mkataba. Ekipe iliyoshushwa njo ilimpokea kijana aliyekuwa hana mahali. Mimi naona somo hapo, lakini tuendelee.

Ngazi yetu inabeba ekipe

Mpira wa miguu wa Kongo una ngazi ya namna nyingine. Chini kabisa kuna ma-entente ya miji na ya maeneo. Juu yake ligi ya jimbo. Juu yake Ligue 2 ya taifa, inayochezwa kwa kanda. Juu kabisa Linafoot. Ukishinda unapanda, ukishindwa unashuka. Kwetu anayepanda ni ekipe nzima, na mji wake pamoja nayo.

AS Maniema Union ni mfano ulio mbele ya macho yetu. Ni klabu ya Kindu, si ya Kinshasa wala Lubumbashi. Msimu wa 2023-24 ilimaliza ya pili Linafoot, nyuma ya TP Mazembe. Msimu uliofuata ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na FAR Rabat. Mechi ya kwanza, kule Afrika Kusini, Sundowns wenye feza zao zote walishindwa kuwafunga: 0 kwa 0. Nani kati yetu hakutembea kifua mbele siku ile? Mama wa sokoni asiyejua kona ni nini alisema "tumetoka sare". Tumetoka! Hiyo njo nguvu ya ngazi yetu: ekipe ikipanda, wote tunapanda.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mechi za nyumbani za kundi lile zilichezwa Kinshasa, mbali na Kindu. Ekipe ilipanda, uwanja wetu ulibaki chini. Na mchezaji mmoja mmoja je? Chukua kijana wa Obokote anayecheza vizuri kuliko wote katika championa ya Lubutu. Nani anaandika magoli yake? Nani aliye juu ana kazi ya kuja kumtazama? Ekipe yake ikikosa kupanda, hata kwa kukosa nauli ya kwenda kucheza, naye amekwama pale, hata kama miguu yake ni ya Linafoot. Akitoka, mara nyingi anatoka kwa sababu mjomba wake anamjua mtu. Asiye na mjomba anacheza miaka kumi palepale, mpaka goti linakataa.

Ngazi ya Marekani inambeba mtu na kuusahau mji. Ngazi yetu inaubeba mji na kumsahau mtu. Sisemi moja ni nzuri na nyingine mbaya. Nasema tujue tumesimama kwenye ngazi gani, ili tusingoje kitu ambacho ngazi yetu haitoi.

Habari ya mushahara

Msije mkadhani kule Marekani ligi ndogo ilikuwa asali tangu mwanzo. Kwa miaka mingi wachezaji wa chini walilipwa kidogo sana, na walilipwa kwa miezi ya mechi tu. Mazoezi ya kabla ya msimu, wiki nyingi za jasho, hayakuwa na mushahara. Walilala wengi chumba kimoja, wengine walifanya kazi za maghala wakati wa baridi ili waweze kurudi uwanjani. Na jibu la wakubwa lilikuwa lile tunalolijua vizuri sana: "Huyu bado anajifunza. Akifika juu atakula."

Mwaka wa 2014 wachezaji kadhaa wa zamani wa ligi ndogo walipeleka malalamiko mahakamani. Kesi ilichukua miaka minane. Mwaka wa 2022 ligi kuu ikakubali kutoa dola milioni 185 kumaliza kesi ile. Mwaka huohuo klabu zikaanza kuwapa wachezaji malazi, na mwezi wa tisa wachezaji wa ligi ndogo wakaingia katika sendika ya wachezaji wa ligi kuu. Mwaka wa 2023 ukapatikana mkataba wao wa kwanza. Katika daraja la chini la Single-A, mushahara wa chini kabisa ulitoka dola 11,000 kwa mwaka hadi 26,200. Triple-A ulitoka 17,500 hadi 35,800. Bado ni kidogo ukilinganisha na ligi kuu, ambako mwaka ule wa chini kabisa alipata dola 720,000. Lakini mtu anaweza kula, kulala, na kufikiria mchezo wake.

Ninyi walimu mnaosoma hapa, najua mmeshafika kabla yangu. Sisi tunao wale tunaowaita N.U., walimu na watumishi wapya ambao wako kazini, wanashika chaki kila asubuhi, lakini jina halijaingia kwenye listi ya mushahara. Mwingine N.U. wa miaka saba bado anaitwa mpya! Naye anaambiwa vilevile: vumilia, uko chini, utapanda. Tofauti iko wapi? Yule wa Marekani alipochoka aliungana na wenzake, wakapeleka malalamiko mahakamani, na wakangoja miaka minane bila kuiacha. Hawakushinda kwa kelele. Walishinda kwa kuungana na kungoja.

Ngazi yenye sheria

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui: klabu haiwezi kumfungia kijana chini milele. Anayesaini akiwa na miaka 19 ao zaidi, chini ya mkataba wa 2023, klabu inamshika kwa miaka sita. Ikiisha bila kupandishwa, yuko huru kwenda anakotaka. Na hata kabla ya hapo, baada ya misimu minne ao mitano, kulingana na umri aliosaini nao, kama klabu haijamweka kwenye orodha yake ya wachezaji 40 wanaolindwa, klabu nyingine inaruhusiwa kumchukua kwa kulipa dola 100,000. Lakini ikimchukua, ni lazima imweke ligi kuu msimu mzima. Ikishindwa, inamrudisha kwa waliomlea kwa kuomba nusu ya zile feza.

Fikiria hekima ya sheria hiyo. Inamwambia tajiri: kama unamficha mtu mzuri kwenye ghala, jirani yako atamchukua. Na inamwambia jirani: usimchukue ili naye umfiche. Kijana aliye chini anajua tarehe. Anajua kwamba siku fulani mlango utafunguka, ama kwa huyu ama kwa yule.

Sasa linganisha na staji zetu. Kijana anaingia biro fulani "kwa miezi mitatu". Miezi mitatu inakuwa mwaka. Anatumwa kununua kredi ya simu, kupeleka barua, kuwasha jenereta. Hakuna anayemfundisha, hakuna anayeandika kitu, hakuna tarehe. Akiuliza, anaambiwa ana kiburi cha diploma. Huyo hayuko kwenye ligi ndogo. Huyo yuko shimoni, na shimo halina vidato hata ukikaa humo miaka ishirini.

Maswali manne kabla ya kukubali ao kukataa

Kwa hiyo, ndugu yangu, dada yangu, unapopewa kazi ndogo, iwe Obokote, Kailo, Kabambare ao Kindu mjini, usianze na swali la aibu: "watu watasema nini?" Anza na haya manne.

La kwanza: kuna mtu anayeandika ninachofanya? Mchezaji wa ligi ndogo kila mpira wake unaandikwa. Kama mkubwa wako haandiki, andika mwenyewe. Daftari la franka chache linatosha: tarehe, kazi uliyofanya, matokeo. Nilifundisha darasa la wanafunzi wangapi, wangapi walipita mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ao egzeta. Nilipanga madosie ya mwaka gani hadi gani. Kisha omba muhuri, omba attestation, hata ya ukurasa mmoja. Siku ya kazi kubwa ikija, wengine wataleta maneno, wewe utaleta namba.

La pili: kuna kidato juu yangu, na sheria ya kukifikia inajulikana? Kama mwalimu wa shule ile anaweza kuwa mkurugenzi wa masomo kwa mtihani ao kwa miaka ya kazi, hiyo ni ngazi. Kama kila aliye juu pale ni mtoto wa mwenye kitu, na kila aliye chini aliingia na ataondoka palepale, unajua umefika wapi.

La tatu: ninakula? Sisemi kutajirika. Nasema chakula, mahali pa kulala, nauli ya kwenda kazini. Mafunzo bila mushahara yanaweza kuvumilika muda mfupi, ukiwa kweli unafundishwa. Lakini kazi kamili ya mtu mzima, kila siku, bila kitu, kwa jina la "uko bado mpya", hiyo haijengi mtu. Inamla. Na hapo usipigane peke yako, tafuta wenzako walio katika hali ileile, wekeni majina na tarehe pamoja.

La nne: mwisho wake ni lini? Jiwekee tarehe hata kama mkubwa hakuiweka. Mwaka mmoja, miwili. Ikifika, kaa chini upime. Kama umepanda, ama umejifunza kitu ambacho unaweza kukiuza kwingine, baki ao songa mbele ukijua. Kama siku ya mia saba inafanana na siku ya kwanza, aga kwa heshima uende. Kwenda si kukata tamaa. Hata kule Marekani, mchezaji aliyemaliza miaka yake anabadilisha klabu, na mara nyingine huko kwingine ndiko anakopanda.

Majibu yakiwa mazuri, hata matatu kati ya manne, mimi naona uende. Nenda hata kama ni mbali, hata kama moto itazama kwenye tope mara nne njiani. Kitalu hakipandwi barabarani ambapo kila mtu anapita.

Na sisi tulio juu kidogo

Nimalizie na wale kati yetu waliokwisha kupata nafasi. Mkurugenzi, mkuu wa biro, mwenye duka la dawa, mwenye NGO ndogo. Wewe kwa kijana aliye chini yako ni ile klabu mama. Basi fanya kazi ya klabu mama: mpe chakula, mfundishe, andika anachofanya, na akikua mwachilie. Nawajua wakubwa wanaokasirika kijana wao akipata nafasi Goma ao Kisangani, wanamwita msaliti. Kumbe ile ni sifa yao! Mji mdogo wa Marekani unaandika ukutani mwa uwanja wake majina ya waliopita hapo wakafika juu. Hausemi "alituacha". Unasema "alipita hapa".

Na karatasi, ndugu zangu. Kumbukeni watoto wa Kampala wa mwaka wa 2011. Kama cheti chako cha kuzaliwa kina mwaka huu na diploma ina mwaka mwingine, kama jina la baba limeandikwa namna tatu, usingoje siku ya bourse ao ya visa ndipo ukimbilie jugement supplétif. Shughulikia wiki hii, ukiwa huna haraka. Na kama una mdogo wako anayeanza shule ya msingi, angalia na za kwake.

Mwenye swali aulize hapa chini. Na mwenye kazi ndogo anayoionea haya, aitaje hapa bila hofu, aseme imemfundisha nini. Tuiandike, maana hapa kwetu hakuna mwingine atakayetuandikia.